Kamukunji kwa simu: kumbukumbu ya mradi wangu wa picha

6 Julai

Kamera nimeifungia kabatini leo asubuhi na ufunguo nimempa mke wangu, maana najijua. Kuanzia leo mpaka mwisho wa Septemba natumia simu pekee, na nitapiga mahali pamoja tu: Kamukunji, hapa Nairobi, kwa mafundi wa jua kali wanaofua bati. Lengo ni watu ishirini, picha ishirini, zioshwe inchi 8 kwa 10, kila mtu akabidhiwe yake mkononi.

Simu yenyewe si ya kujivunia. Binti yangu aliniachia alipopata mpya, na kioo kimepasuka kona ya chini. Mimi ni mtu wa picha miaka 38 sasa, nilianza Uhuru Park na Pentax K1000 ya kuazima, nikaja kuwa na studio ya harusi, mahafali na picha za pasi. Miaka yote hiyo nimewabeza watu wa simu. Nilikuwa nikisema simu ni ya kupiga picha ya risiti. Kisha mgongo ukakataa begi, studio nikaifunga, na nikagundua kwamba mwaka mzima sijapiga picha hata moja ambayo hakuna mtu aliyeniagiza.

Leo nimepiga 214. Ingekuwa enzi za filamu hiyo ni karibu mikanda sita ya picha 36, na ningelala njaa. Nimerudi nyumbani nikazitazama: kila taa ina ndevu, kila sura ina ukungu. Nikadhani simu ni mbovu. Kumbe ni mafuta ya vidole vyangu kwenye lenzi, pamoja na vumbi la mfukoni. Kamera haikai mfukoni pamoja na sarafu na leso. Simu inakaa humo siku nzima. Nimefuta kwa fulana ya pamba. Nimebakiza tatu.

9 Julai

Nimesahau kufuta lenzi tena. Picha sifuri. Nimefunga kitambaa cha miwani kwenye mnyororo wa funguo.

14 Julai

Baridi ya Julai wengine wanailalamikia, mimi naishukuru. Wingu la Nairobi mwezi huu ni shuka moja jeupe lililotandazwa juu ya jiji zima. Kivuli hakina makali, macho hayazami, unaweza kufanya kazi hata saa sita mchana. Januari usijaribu. Hapa tuko digrii moja tu kusini mwa ikweta. Jua la mchana linakaa utosini na kumchimbia mtu mashimo mawili mahali pa macho. Hata ule mwanga wa dhahabu wa jioni ambao wapiga picha wa Ulaya wanaufaidi kwa utulivu, kwetu unapita mbio, maana jua linashuka wima kama ndoo kisimani. Kufikia saa moja umebaki na taa za matatu.

Lakini vibanda vya Kamukunji, vile vilivyoanza kujengwa miaka ya 1980, vina giza ndani na mwanga mkali mlangoni. Jana nilimpiga fundi wa masanduku ya shule akiwa amekaa mlangoni, nyuma yake mtaa. Akatoka kivuli kitupu. Leo nimeingia ndani kidogo, nikamwomba ageuze kigoda aelekee nje, mimi nikasimama ubavuni mwa mlango. Mwanga ukamwingia usoni kutoka upande mmoja, kama dirisha la studio. Sikugusa mpangilio wowote wa simu.

Kisha nikajifanya mjanja. Kulikuwa na bati jipya limeegemezwa ukutani, nikamwomba kijana alishike liakisi mwanga upande wa pili. Fundi akafumba macho na kupiga kelele. Bati jipya ni kioo, linarudisha jua zima zima. Kijana yule, bila kuulizwa, akatundika gunia jeupe la unga juu ya bati. Mwanga ukalainika. Nilikaa miaka mingi nikinunua miavuli ya studio.

22 Julai

Leo nimechekwa. Nimempiga mama anayeuza makarai na majiko, nikamwonyesha kioo. Akaitazama muda mrefu. "Mzee, hii simu yako imenipaka poda."

Alikuwa na haki. Ngozi imekwanguliwa hadi ikawa kama plastiki, na rangi imepandishwa ngazi mbili. Kumbe hali ya urembo ilikuwa imewashwa tangu simu iwe ya binti yangu. Nimeizima. Bado sura zilikuwa zimefifia, na hilo nalifahamu vizuri: kipima mwanga cha kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Kikikutana na uso mweusi uliojaa fremu, kinadhani ni giza, kinaongeza mwanga. Dawa ni kugusa uso kwenye kioo, kushikilia kidole mpaka kifuli kitokee, kisha kuburuta alama ya jua chini polepole hadi ngozi irudi kuwa ngozi. Nikampiga tena. "Huyu sasa ni mimi," akasema, na akaita jirani.

Ugomvi huu ni wa zamani. Wakati wa filamu, maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Filamu ilipangwa imridhishe yeye. Kilichoisukuma kampuni kurekebisha rangi za kahawia, pamoja na mengine, ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao. Sisi tulikuwa nyuma ya kabati kwenye foleni. Google walipotoa Pixel 6 mwaka 2021 walitangaza kitu walichokiita Real Tone, kwa ajili ya ngozi za weusi. Simu yangu haina hicho. Ina kidole changu.

Hata hivyo nitoe haki inapostahili. Miaka thelathini nimetolewa jasho na bibi harusi wa gauni jeupe kando ya bwana wa suti nyeusi, saa saba mchana, nje ya kanisa. Ukiokoa gauni unapoteza suti. Ukiokoa suti, gauni linakuwa karatasi. Simu inapiga picha kadhaa kwa mkupuo mmoja na kuziunganisha, ikachukua gauni huku na suti kule. Kwa hilo naivulia kofia.

30 Julai

Kuna fundi mmoja wa magurudumu ya mikokoteni ambaye hataki. Si kwa ukali. Aliniuliza tu: "Picha zetu huwa zinaenda wapi?" Akaniambia kuna mtu alikuja miaka iliyopita na kamera kubwa, akapiga siku nzima, akawashukuru. Baadaye mwenzao mmoja akajiona kwenye kalenda ya ukutani, ofisini kwa watu. Hakuna aliyeulizwa.

Sikuwa na jibu zuri. Uhuru Park nilipoanza, mteja alilipa, akaandikisha jina, Jumapili iliyofuata akaja kuchukua picha yake. Picha ilikuwa kitu: inashikika, inawekwa chini ya godoro, inapelekwa nyumbani ushago Desemba. Nikihesabu sura zilizomo ndani ya simu hii tangu tarehe 6, na ngapi zimemrudia mwenyewe, naona aibu. Nimemwambia nitaleta za wengine kwanza, aone.

8 Agosti

Wiki ya nyundo.

Ndani ya kibanda simu huwasha yenyewe hali ya usiku, na hapo inaunganisha picha za sekunde nzima au zaidi. Ukuta unatoka safi. Fundi anatoka na nyundo tatu na kiwiko cha mzimu. Nimeizima. Nikajaribu kubonyeza kitufe bila kuachia ili ipige mfululizo; nikapata picha 60 na ndani yake mbili za kutazamika, na jioni nzima ya kufuta.

Siku ya tatu nikaacha kupiga, nikakaa kwenye debe nikasikiliza. Wale jamaa wanafua juu ya vipande vya reli, na kila mmoja ana mdundo wake. Nyundo inapanda, inafika juu, na pale juu inasimama. Kitambo kidogo, lakini inasimama, kabla haijaamua kushuka. Pale hata simu yenye kasi duni inaipata kali kabisa. Nikawa nahesabu kwa mguu: moja inashuka, mbili inapanda, bonyeza. Picha nane, tano nzuri. Ndivyo tulivyokuwa tukimpiga mchezaji akiruka kichwa City Stadium: unamngoja angani.

Mikono yangu inatetemeka siku hizi, lazima niseme. Nabana viwiko kwenye mbavu, naegemea nguzo, na kitufe nabonyeza cha sauti, kile cha ubavuni, maana kugusa kioo kwa kidole gumba kunaisukuma simu. Kwa vitu visivyosogea naweka saa ya sekunde mbili. Nikianza kujihurumia namkumbuka Mohamed Amin, mpiga picha za habari wa Kenya, aliyepoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka, akarudi kazini na mkono wa bandia.

17 Agosti

Kuhusu kuvuta picha karibu (zoom) kwa vidole viwili: acheni. Kwenye simu nyingi za bei yetu kule si kuvuta, ni kukata. Unatupa sehemu ya picha na iliyobaki inatanuliwa kama chapati yenye unga kidogo. Nenda kwa miguu. Lakini usifike mno, na hapa nimejikwaa mwenyewe: lenzi kuu ya simu ni pana, sawa na milimita 24 hadi 26 ya kamera ya filamu. Nilimkaribia mzee wa mabomba mpaka hatua moja, akatoka na pua ya debe. Nikarudi hatua tatu, nikamweka mbali na ukingo wa fremu, nikakata baadaye. Picha ya megapikseli 12 ina nukta 4000 kwa 3000, na kwa inchi 8 kwa 10 hizo zinatosha na kubaki.

Picha ninayoipenda kuliko zote mpaka sasa ni ya leo. Fundi wa zamani, mwenye ndevu nyeupe, amekaa upande wa kulia. Nimewasha mistari ya kugawa kioo, nikaiacha theluthi nzima ya kushoto kwa giza na rundo la makarai, ukingo wa kila karai ukishika uzi mmoja wa mwanga. Nimengoja dakika arobaini wingu lipite. Bila yale makarai picha hiyo ni ya kitambulisho.

2 Septemba

Maabara. Nilituma picha kumi kwa WhatsApp kwa duka moja la katikati ya jiji, ili niokoe nauli. Zikarudi zimechakaa, ngozi ina vigae kama sakafu ya benki. Kosa langu: WhatsApp inabana picha. Ukilazimika, tuma kama dokumenti, au beba kwenye flashi diski kama nilivyofanya mara ya pili.

Mara ya pili zikaja safi, na sura zote zimeng'arishwa. Kijana wa mashine aliona giza, akanisaidia. Mama wa makarai amepakwa poda upya! Sikumlaumu sana, mashine yenyewe ndiyo inayopendekeza. Mara ya tatu nimesimama kando yake nikisema "usiguse." Za kwanza zikatoka nyeusi kupita nilivyoona nyumbani, maana kioo cha simu kina taa yake na karatasi haina. Nikashusha mwangaza wa kioo hadi nusu, nikarekebisha upya palepale kaunta, foleni nyuma yangu ikinung'unika.

13 Septemba

Nimegawa kumi na moja. Mama wa makarai ameifunga yake kwenye nailoni asubuhi hiyo hiyo. Jua limerudi, kazi sasa ni kabla ya saa tatu asubuhi tu.

Fundi wa magurudumu alikuwa akizitazama zikipita mkono kwa mkono. Hakusema kitu. Nilipokuwa naondoka akaniita. "Mzee wa picha. Piga." Nikatoa simu. "La, piga na hii," akanipa yake.

Simu ndogo, lenzi imekwaruzwa, memori imejaa, ikabidi kwanza afute video mbili. Nimemsimamisha mlangoni, gunia la unga likashikwa na kijana yule yule, kidole juu ya uso, jua chini kidogo. Nilipiga nne. Aliichukua, akazitazama zote, akafuta tatu, akaiweka mfukoni. Sina nakala. Kioo chake kilikuwa hafifu, sikuona vizuri ilitokaje.

Kwa hiyo daftari langu litakuwa na picha 19.

28 Septemba

Za mwisho nimezipeleka leo. Mzee wa ndevu nyeupe alikuwa akinisubiri: ameshatengeneza fremu ya vipande vya bati, pembe zimekunjwa vizuri, nyuma ameweka kitanzi cha waya. Nikampa picha. Akaipima juu ya fremu. Picha ilikuwa pana kuliko nafasi.

Kabla sijafungua mdomo akachukua mkasi wa bati, akaondoa upande wote wa kushoto, makarai yangu yakaanguka chini kwenye vumbi la chuma.

"Sasa inaingia," akasema.