Rimu pana, fenda ileile: ET nilivyoielewa baada ya kupoteza tairi mbili

Kilichonifanya nishike rula ni mlio. Wala haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa mtu anayeburuta gunia kwenye sakafu, krrr, kila nilipopita tuta nikiwa na watu wawili kiti cha nyuma. Nikiwa peke yangu gari lilikuwa kimya. Wiki ya tatu nikainama kuangalia, nikakuta bega la tairi la nyuma kulia limechongwa mduara mzima, waya bado hazijaonekana lakini haziko mbali. La kushoto lilikuwa linamfuata mwenzake.

Gari ni Toyota Altezza RS200 ya mwaka 2001. Lilikuja na rimu zake za inchi 17, nzuri tu, ila mimi nilitaka zile pana zinazojaza fenda. Nikaenda kwenye soko la vipuri la Gerezani, Dar es Salaam, nikapata seti ya mtumba toka Japani, inchi 18, na tairi zake za 225/40 (upana milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 40 ya upana huo). Muuzaji akaniambia, "Bosi wangu, hizi zinaingia zenyewe. Altezza zote mjini zinavaa hizi." Hakunidanganya. Tundu tano, PCD (kipenyo cha duara linalopita kwenye matundu ya bolti) milimita 114.3, bolti zikapita bila kulazimisha. Tatizo ni kwamba kuingia ni jambo moja na kukaa ni jingine, na hilo la pili sikumuuliza.

Baada ya mlio nilizunguka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alitaka kukunja midomo ya fenda kwa bomba. Wa pili akasema ninyanyue gari kwa springi ngumu. Wa tatu, na huyu mpaka leo simwelewi, alinishauri niweke spesa, lile bamba linalokaa nyuma ya rimu na kuisukuma nje. Tairi inagusa fenda kwa nje, halafu uisogeze nje zaidi!

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa Tabata ambaye nilimpelekea gari kwa ajili ya breki tu. Alifungua tairi, akaigeuza rimu upande wa nyuma, akapangusa vumbi kwa kidole. "Mwanangu, soma hapa."

Nikasoma: 18 × 8½ JJ, na pembeni yake 30.

"Na zile zako za mwanzo?"

Nilikuwa nazo kwenye buti. Tukageuza moja: 17 × 7 JJ, 50.

"Basi ugomvi wako uko kwenye hizo namba mbili za mwisho," akasema, akarudi kwenye breki zake. Hakuongeza neno.

Hizo 30 na 50 ndizo ofseti, ambazo rimu nyingine huziandika ET, herufi zilizotoka kwenye neno la Kijerumani. Nilikuwa nimeziona kabla ya kununua, nikazielewa kinyume: nilidhani 30 ni ndogo kuliko 50, kwa hiyo rimu haitachomoza nje sana kama ya zamani. Ni kinyume kabisa. Ichukue rimu uikate katikati ya upana wake kwa mawazo, kama unavyokata mkate. Hapo una mstari wa kati. Sasa tafuta pale rimu inapolala kwenye habu (kile kipande cha gari kinachozunguka na kushika gurudumu), uso ule wenye matundu ya bolti. Umbali kati ya uso huo na mstari wa kati, kwa milimita, ndiyo ET. Ikiwa chanya, uso wa habu uko upande wa nje wa mstari, na sehemu kubwa ya rimu inaingia ndani ya gari. Kwa hiyo ET kubwa huivuta rimu ndani, ET ndogo huitema nje.

Upana nao una tabia yake. Ukiongeza upana bila kugusa ET, nusu ya ongezeko huenda ndani na nusu huenda nje. ET ndiyo inayoamua kuhamisha mzigo huo wote upande mmoja au mwingine. Usiku ule nilikaa na daftari la mwanangu la hesabu nikafanya hivi.

Rimu ya zamani: inchi 7 ni milimita 177.8, nusu yake 88.9. Kuingia ndani ya uso wa habu ni 88.9 ujumlishe 50, yaani 138.9. Kutoka nje ni 88.9 utoe 50, yaani 38.9. Rimu mpya: inchi 8.5 ni milimita 215.9, nusu yake karibu 108. Ndani, 108 jumlisha 30, ni 138. Nje, 108 toa 30, ni 78.

Nikazitazama namba hizo muda mrefu. Upana ulikuwa umeongezeka milimita 38, na kwa ndani rimu haikuongeza hata milimita moja, ilipungua kidogo. Zote 38 na moja juu zilikwenda nje. Nilikuwa nimenunua rimu iliyotoka nje karibu inchi moja na nusu zaidi ya ile ya zamani, huku ndani kukiwa na nafasi ileile niliyokuwa nayo siku zote.

Hapo pia nikajua kwa nini usukani ulikuwa mzito na ulikuwa unavutwa kwenye mifereji iliyochimbwa na malori barabarani. Mstari wa kati wa tairi ulikuwa umehama milimita 20, yaani 50 toa 30, na hilo halitegemei upana. Beringi za habu nazo hubeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Hili watu wa spesa huwa hawalisemi.

Kisha nikapima gari lenyewe, jambo ambalo ningelifanya kwanza kama ningekuwa na akili. Nilirudisha rimu za zamani, nikaegesha kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka, nikafunga nati kwenye uzi kama timazi la mwashi, nikauning'iniza toka mdomo wa fenda katikati ya gurudumu. Kutoka uzi mpaka bega la tairi: nyuma milimita 24, mbele 27. Kwa ndani, mbele, kutoka tairi mpaka mkono wa juu wa sasipensheni, 14. Kwa hiyo nje nilikuwa na 24 za kuchezea na si 39, tena hizo 24 ni gari likiwa limesimama tupu. Tairi nazo zilikuwa na kosa lake. 225/40R18 ina kipenyo cha milimita 637, ya zamani 215/45R17 ina 625. Milimita 12 zaidi, nusu yake kwa juu. Na mshale wa spidi ukisema 100 unakuwa unakwenda karibu 102.

Nilivyorudi sokoni nilikuwa na tepu, kipande cha mbao kilichonyooka na karatasi yenye namba. Seti niliyoipenda ilikuwa imepigwa rangi upya, maandishi yamefunikwa. Muuzaji akasema ni "nane, ET thelathini na tano." Nikapima kwa tepu toka mdomo mpaka mdomo: milimita 216, inchi 8.5. Mtu anaweza kuchanganyikiwa hapa, nami nilichanganyikiwa. Upana unaoandikwa kwenye rimu hupimwa pale tairi inapokaa, si kwenye midomo, na midomo yote miwili huongeza karibu inchi moja. Kwa hiyo 8.5 ya tepu ni 7.5 ya rimu. Nikailaza kifudifudi, nikaweka mbao juu ya mgongo wake, nikashusha tepu mpaka kwenye uso wa matundu: 153. Nusu ya 216 ni 108. 153 toa 108, ET ni 45.

"Unapima kama seremala, kaka," akasema akicheka.

Nikamjibu kwamba seremala hachongi tairi za watu.

Inchi 7.5 na ET 45: ndani 140, yaani milimita moja na kidogo zaidi ya zamani. Nje 50, zaidi kwa 11. Kwenye 24 zangu zikabaki 13. Nikazivalisha 215/40R18, kipenyo 629, tofauti ya milimita 4 tu.

Siku ya kufunga kulikuwa na mawili mengine ya kuangalia. Kitovu cha habu ya Altezza kina kipenyo cha milimita 60.1, na tundu la kati la rimu hizi lilikuwa 73.1; bila ringi za kati za kujaza pengo hilo rimu hubebwa na nati peke yake, na ikikaa kando kidogo usukani utatetemeka kwenye mwendo. Nilinunua ringi za plastiki, bei ya soda chache. La pili ni nati. Rimu nyingi za Toyota za kiwandani hutumia nati zenye washa bapa, hizi zilitaka nati za koni. Uzi ni uleule, M12 × 1.5, kwa hiyo nati isiyofaa hukubali kuzunguka bila kulalamika. Nikakaza kwa spana ya kipimo mpaka 103 Nm, nikarudia baada ya kilomita 100.

Halafu nikapaka chokaa ndani ya midomo ya fenda, nikapakia mifuko mitatu ya saruji kwenye buti, nikamketisha shemeji yangu nyuma na kuzunguka matuta yote ya mtaani kwetu, usukani ukiwa umekatwa kulia na kushoto. Chokaa ilirudi nzima mbele. Nyuma kushoto ilikuwa na alama moja nyembamba kama ukucha. Saruji niliishusha, alama nikaiacha.

Seti ya kwanza nilimuuzia kijana mwenye Toyota GX100 aliyekwisha kukunja fenda zake. Nilimwambia aje na tepu kwanza. Alikuja nayo.