Plaiwudi tatu uani Sahare, Tanga

Jumapili, baada ya alasiri

Boti iko uani chini ya turubai, rangi ya mwisho inakauka. Kila anayepita huuliza imegharimu kiasi gani, na jibu langu huwa refu kuliko alivyotaka. Acha niliandike.

Unafuu wa boti hii umetoka kwenye umbo. Plaiwudi huuzwa futi 4 kwa 8, na hukubali kupindwa upande mmoja tu. Ukiilazimisha kupinda huku na huku kwa pamoja, inavunjika. Kwa hiyo ukubali umbo ambalo bodi yenyewe inalitaka: sakafu bapa iliyoinuka kidogo omo (mbele) na tezi (nyuma), mbavu mbili za pembeni, na omo iliyokatwa bapa badala ya ncha. Bodi tatu za unene wa milimita 6 zimetosha, na chombo kina urefu wa mita 2.4. Clark Mills alikwenda njia hiyohiyo mwaka 1947 huko Clearwater, Florida, alipoombwa kiboti cha watoto kisichozidi dola 50. Akachora Optimist, na mpaka leo watoto wa nchi nyingi hujifunzia tanga humo. Mkonge nao ulitoka Florida ukaletwa Tanga mwaka 1893, kwa hiyo si mara ya kwanza kitu cha huko kutia mizizi hapa.

Ngalawa ningeipenda zaidi kwa macho. Lakini inataka mwembe mnene wa kuchonga mtumbwi, na mwembe mnene ninaoujua mimi bado unazaa.

Boti hii tumeishona. Tulitoboa vitundu kwenye kingo za vipande, tukapitisha waya wa shaba uliochunwa kwenye nyaya kuukuu za umeme, tukakaza kwa plaizi. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anashika upande wa pili, na kadiri tulivyokaza, vipande vilivyokuwa vimelala chini vikaanza kuinuka na kukutana. "Shangazi, inajijenga!" akasema, na kweli ndivyo ilivyoonekana. Waya kazi yake ni kushikilia tu. Kona za ndani hujazwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao mpaka iwe nzito kama siagi, juu yake hulazwa utepe wa kitambaa cha faiba uliolowekwa gundi hiyohiyo, na ikishakauka waya wa nje unakatwa.

Wapo walioiona kazi hii ngeni. Mimi naona ni ya kwetu. Mtepe, chombo cha tanga cha kale, haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Chombo cha kushonwa kilikuwapo pwani hii zamani sana kabla plaiwudi haijatengenezwa.

Ila siku aliyokuja babu jirani ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Amejenga mashua na majahazi tangu ujanani. Nilimwamkia, akaitikia, akazunguka boti akiigonga kwa kifundo cha kidole.

"Mwanangu, taruma ziko wapi?"

Nikamweleza kwamba plaiwudi ni matabaka membamba yaliyogandishwa, nyuzi za kila tabaka zikikatiza za mwenzake, ndiyo maana haipasuki kwa urefu kama ubao. Ikipindwa inakazana. Viambaza viwili, yaani kuta za ndani, pamoja na viti ndivyo vinavyozuia mbavu zisilegee, kazi ambayo kwenye mashua hufanywa na taruma, zile mbao za ndani zinazoshikilia umbo. Akabonyeza sakafu kwa kiganja, akanyamaza kidogo.

"Na kalafati?"

Hakuna. Ubao wa mashua ukikaa juani hukauka na kuachana na mwenzake. Ukirudi majini huvimba, na kalafati, yaani pamba iliyolowa mafuta, huziba palipobaki. Hii inaweza kulala uani mwezi mzima isifunguke popote. Hilo alilipenda.

Kisha akaomba ufito. Akaulaza kwenye ukingo wa ubavu, akainama tezi, akafumba jicho moja akatazama omo. "Hapa pamevimba." Futi kamba ilikuwa haijaniambia chochote. Nilipoinama palepale alipoinama yeye, nikauona uvimbe. Nikachukua randa, akawa ananiongoza kwa mkono: punguza, punguza, basi. Ubavu ukawa na mstari mmoja safi toka mwanzo hadi mwisho. Mchoro wa boti rahisi mtu yeyote anaweza kuupata, lakini jicho lile linapatikana kwa wazee walioko ufukweni, na wanakwenda mmoja mmoja. Natamani kila anayejenga chombo cha namna hii amwite mmoja wao kabla ya kutia gundi.

Pesa iliyosalimika kwenye umbo iende kwenye gundi. Resini ya poliesta wanayotumia kurekebishia boti za faiba ni rahisi zaidi, ila haishiki mbao kama epoksi. Kwa joto la Tanga changanya kidogo kidogo asubuhi, uimwage kwenye sahani pana, maana ikijaa kopoini inachemka na kuganda upesi. Vaa glovu. Kingo za plaiwudi ndizo zinazokunywa maji, kwa hiyo zilishiwe gundi hadi zikatae. Na kabla ya kununua bodi, omba kipande, ukichemshe kwa saa kadhaa, ukikaushe. Kikiachana matabaka, iache dukani. Ile ya kahawia yenye uso wa kuteleza, ya kumwagia zege, ya mili 18, ni mara tatu kwa unene na haishiki gundi mpaka uso wake ukwanguliwe.

Sakafu inayogusa maji ina takribani mita za mraba 1.8, maana yake kila sentimita inayozama inabeba kama kilo 18. Boti ina kilo 40. Ukiongeza watu wazima wawili wa kilo 70, inazama kama sentimita 10, na katikati zaidi kidogo kwa sababu sakafu imepinda. Kwa wangwa wetu hilo ni jambo kubwa: maji yakitoka, inakaa wima mchangani.

Chini ya viti tumejaza chupa tupu za plastiki zilizofungwa kwa nguvu, ili ikijaa maji iendelee kuelea. Kijana anataka tanga, na ameshaanza kuulizia mti wa mlingoti. Nimemwambia tutapiga makafi kwanza, ndani ya ghuba, upande wa huku wa kisiwa cha Toten, mpaka upepo wa kusi utulie. Pesa nitakayoipata mwezi ujao ni ya jaketi za kuokolea, na ya kwanza itakuwa ya saizi yake.