Jinsi nilivyoifanya avwani ya sashe inifikishe saa sita

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa anayeishi Texas, alinitumia maboksi mawili ya avwani ya sashe, ya vipaketi vidogo, ile ambayo ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaiita oti. Si ile ya kawaida. Hii ilikuwa na ladha: sukari ya kahawia, mdalasini, stroberi na maziwa. Ilifika Goma kupitia Gisenyi, mikononi mwa jirani aliyekuwa anarudi nyumbani, pamoja na ujumbe: "Mdogo wangu, achana na mandazi na chai ya sukari. Kula hii asubuhi, ni afya tupu."

Nilimwamini. Nafundisha hesabu sekondari, nasimama ubaoni kuanzia saa moja na nusu, na nilikuwa natafuta kweli chakula cha asubuhi cha kunibeba. Lakini wiki ile ya kwanza, kila ilipofika saa nne, tumbo lilikuwa linaunguruma hadi wanafunzi wa dawati la mbele wanasikia. Maharage ya jana na kipande cha muhogo vilikuwa vinanifikisha saa sita bila shida. Iweje chakula cha afya kinishinde?

Muramu wangu, yaani shemeji, akaja na dawa yake: "Muramu, koroga mbili! Moja ni ya mtoto." Nikakoroga mbili siku tatu mfululizo. Njaa ilirudi saa ile ile, na safari hii ikaja na usingizi. Ushauri ule unanikera mpaka leo, maana jibu lilikuwa limeandikwa nyuma ya boksi, na hakuna kati yetu aliyekuwa amelisoma.

Jioni moja nikakaa na kalamu. Sashe moja ya ladha ya sukari ya kahawia ina uzito wa gramu 43. Ndani yake sukari ni gramu 12, zaidi ya robo. Nikamwita mama watoto, nikachukua kijiko cha chai, nikamwaga sukari kwenye sahani nyeupe: kijiko kimoja, cha pili, cha tatu. Kile kilima ndicho kilichokuwa katika kila sashe. Mbili zinatoa gramu 24, na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ingefaa sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku nzima kwa mtu mzima. Mimi nilikuwa nazimaliza kabla ya kengele ya kwanza. Mama watoto aliitazama sahani, akasema tu, "Na mandazi ndiyo tuliyoyasema vibaya."

Protini ni gramu 4, haifiki yai moja. Chumvi nayo imo, ingawa ulimi unasikia utamu tu. Ile ya stroberi ndiyo iliyoniudhi zaidi: kwenye picha stroberi nyekundu zinang'aa, kwenye orodha ya vilivyomo ni vipande vya tofaa vilivyokaushwa na kutiwa rangi.

Sitaki kuionea nafaka yenyewe. Avwani ni chakula kizuri. Ina nyuzinyuzi zinazoitwa beta-glukani, zinazofanya ule ute wa uji na kusaidia kushusha kolesteroli. Marekani iliruhusu tangu 1997 iandikwe kwenye maboksi kwamba nyuzinyuzi hizo zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Ila zinahitajika gramu 3 za beta-glukani kwa siku, na sashe moja haizifikishi. Tena ya sashe imekatwakatwa, ikapikwa kwa mvuke na kubanwa nyembamba ili ilainike kwa dakika moja. Kinacholainika haraka kwenye kikombe, tumboni nako hakikawii.

Basi nikaanza kutafuta namna ya kuitoa sukari. Kwanza niliiosha kama mchele. Usijaribu! Maji yalipoigusa tu ikageuka gundi, ikaziba kichungi, na nusu yake ikaenda na maji. Siku ya pili nikatumia maji ya baridi sana nikidhani yatasaidia. Gundi ile ile.

Jibu nililipata nikiwa nimeinua sashe kwenye mwanga wa dirisha. Chini kabisa, kwenye kona, kulikuwa na unga mzito uliojikusanya. Sukari ni chembe ndogo, hupenya katikati ya vipande na kushuka! Tangu hapo nafanya hivi: nasimamisha sashe wima, naigonga mezani polepole mara ishirini, naikata juu, kisha namimina kwa kuilaza bila kuitikisa, ikiwa juu ya kichungi cha chai kikavu. Vipande vinabaki juu, unga wa kahawia unaanguka kwenye sahani kama vumbi la mchanga, unanukia mdalasini. Nusu ya unga huo narudisha kwa ajili ya ladha. Nusu naiweka kwenye chupa, nayo inatia utamu uji wa masoso (mahindi, mtama na soya) wa watoto, badala ya sukari, si juu ya sukari.

Sashe iliyochekechwa naiongeza vijiko vinne vikubwa vya avwani isiyotiwa chochote. Ile ya kopo inapatikana kwenye alimentasio, maduka ya vyakula ya mjini, kwa dola tano, sita hivi, na inakaa karibu mwezi. Naipika kwa maziwa ya Masisi yaliyochemshwa, kikombe kimoja, ambayo peke yake yana protini mara mbili ya sashe. Nikiepua natia kijiko kimoja cha karanga za kusaga, zile mama wa sokoni anazozisaga mbele yako, na ndizi mbivu ikiwepo. Maziwa yakikosekana, yai la kuchemsha pembeni linatosha.

Leo ni wiki ya saba. Saa nne inapita nikiwa bado naandika ubaoni. Muramu alikuja Jumapili, akaigonga sashe yake mezani mwenyewe, akaona ule unga kwenye sahani, akanyamaza kwa muda. Yaya naye nimemweleza yote kwenye simu. Boksi lijalo atatafuta ile isiyo na ladha, na nafasi itakayobaki ataniwekea mashine mbili za hesabu za darasani.