Nilirudi Mtwara na mipira miwili

Nimerudi Mtwara mwezi Novemba, baada ya miaka 19 ya Houston, na niseme mapema kwamba si gesi wala lami iliyonishtua. Anayekumbuka kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga wakati wa masika anajua tulikotoka, kwa hiyo hayo nayapita. Kilichonishtua ni kicheko.

Nilikuja na mipira miwili ya kikapu, na jioni ya pili nikaipeleka kwenye uwanja wa saruji tuliouchezea enzi za shule. Nguzo imebaki moja, haina ubao wala ringi, na uwanja mzima umeanikwa korosho, mama mmoja akizigeuza kwa unyayo, mstari baada ya mstari. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniomba kwa upole nisidundishe mpira karibu, maana korosho zingetawanyika. Sikumlaumu. Mnada unadai korosho kavu.

Ukutani walikaa vijana na simu zao, akiwemo mtoto wa dada yangu. Nikaona nafasi ya kuwaeleza habari za Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Sikufika mbali. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, si yule aliyechaguliwa mbele ya Curry?" Wakaangua kicheko hadi yule mama akageuka. Stephen Curry ndiye nyota wao wa kikapu. Kumbe Thabeet wanamfahamu vizuri, ila wanamfahamu kwa mstari mmoja tu, ule wa orodha za wachezaji walioangusha timu zao.

Usiku ule sikulala vizuri, nikimwaza Thabeet. Mtoto wa Dar es Salaam, aliyefiwa na baba akiwa bado kijana, anaushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15, umri ambao wenzake wa Marekani wameshaucheza miaka kumi. Anatoka shule ya Makongo, anafika Houston kumalizia sekondari, na mwaka 2006 anaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako kwa misimu mitatu anazuia mitupo 417 kwa kimo chake cha sentimita 221 na, hili wanalisahau, kwa kujua wakati gani wa kuruka. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa, na tarehe 25 Juni mwaka huohuo Memphis Grizzlies wakamteua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na huyo Curry wao aliyekuwa wa saba. Usiku huo nilikuwa zamu ya ghalani, nikawakumbatia watu nisiowajua majina.

Yaliyofuata sitayapamba. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katika nafasi ya senta, na mtu aliyeanza kujifunza mchezo akiwa na miaka 15 alihitaji dakika uwanjani kuliko alivyohitaji benchi. Februari 2010 walimpeleka ligi ya chini, na hadi wakati huo hapakuwahi kushushwa mchezaji aliyeteuliwa juu kiasi hicho. Mwaka uliofuata akahamishiwa kwetu Houston. Nilikata tiketi, nikakaa juu kabisa karibu na paa, nikamtazama mchezo mzima akiwa na nguo za kupashia mwili joto, akiwapigia makofi wenzake. Baadaye alipita Portland, kisha Oklahoma City hadi mwaka 2014. Misimu mitano katika ligi ile, na hapa wanamcheka vijana ambao uwanja wao ni wa kuanikia korosho!

Mnaojiandaa kurudi kusini, msilete mipira. Leteni maturubai, angalau mtashukuriwa.

Jioni ya tatu nilirudi na mpwa wangu, korosho zikiwa zimezolewa, nikamweleza yote haya kwa utaratibu huku akidundisha mpira kwa viganja viwili kama anayepiga ngoma. Alisikiliza, namsifu kwa hilo. Nilipomaliza akaushika mpira, akanitazama kuanzia viatu hadi mvi.

"Na wewe mjomba, miaka yote hiyo, kule ulichaguliwa wa ngapi?"

Nikamwambia magharibi imeingia, abebe mpira twende.