Gesi imeingia jikoni, mazoea ya mkaa hayajatoka

Katika nyumba nyingi za Kigoma mjini, kuanzia Mwanga na Gungu hadi Ujiji, mtungi wa gesi wa kilo 6 umeingia jikoni bila jiko la mkaa kutoka. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wakiitumia ifikapo mwaka 2034, na mimi ninaufurahia kwa moyo wote, kwa sababu nawajua kina mama walioumizwa macho na vifua kwa moshi wa miaka mingi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba tumepokea chombo kipya na kuendelea kupika kwa mazoea ya kile cha zamani.

Mkaa humvumilia mpishi aliyetoka. Mtu huinjika maharage, akaenda sokoni, na akichelewa atakuta moto umefifia wenyewe, au kwa ubaya zaidi maharage yameshika chini. Moto wa gesi haufifii kwa kuachwa. Utaendelea kwa nguvu ile ile mpaka mtu aufunge au mtungi uishe. Tena jiko la mkaa hukaa chini, pana na zito, ilhali mtungi mdogo wenye jiko juu yake huwa mrefu na mwembamba, na anayesongea ugali wa watu wengi juu yake kwa nguvu zile zile za zamani anaweza kuuangusha ukiwa unawaka. Ugali wa sufuria kubwa usongewe kwenye jiko lililokaa imara. Katika hilo sioni nafasi ya mjadala.

Jambo ninalolihofia kuliko yote ni mafuta ya moto, kwa kuwa sisi ni watu wa mawese na samaki wa kukaanga. Wengi wetu huyapasha mawese mpaka wekundu upungue na harufu ibadilike ndipo tutie dagaa au migebuka. Juu ya gesi hatua hiyo huja haraka mno. Mafuta yanapoanza kutoa moshi yamekwisha kutoa onyo, na yakizidi kupashwa yatawaka yenyewe bila hata kuguswa na mwali. Hapo ndipo mkono hukimbilia ndoo. Maji huchemka kwa nyuzi joto 100, nayo mafuta yanayowaka huwa yamepita 300, kwa hiyo maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha mafuta yenye moto hadi darini na usoni mwa mpishi. Kinachotakiwa ni kufunga gesi ikiwa koki inafikika bila kupitisha mkono motoni (kwenye mtungi mdogo koki iko karibu sana na mwali), kisha kukifunika kikaango kwa mfuniko au sinia la bati linalokienea, na kukiacha kimefunikwa mpaka kipoe kabisa. Asikibebe mtu kukitoa nje, kwani akipepesuka mafuta yatamwagikia miguuni au kumpata mtoto. Nashauri mfuniko uwekwe pembeni kabla mafuta hayajainjikwa, na samaki wachujwe maji vizuri.

Gesi yenyewe ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haipandi kutokea dirishani bali hutambaa sakafuni na kutuama. Jikoni penye jiko la mkaa lenye kaa hai pembeni mwa mtungi, gesi hiyo haihitaji kiberiti. Ndiyo sababu nawaomba wale wanaotumia vyote viwili wautenge mkaa nje kabisa, uani, hata kama ni usumbufu. Kwa jiko la sahani mbili, uchunguzwe mpira wake kama umepasuka, umelainika kwa mafuta au umetafunwa na panya. Pakaa povu la sabuni kwenye maungio, na likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Kamwe usipime kwa njiti ya kiberiti. Ukisikia harufu, funga koki, fungua milango, toa watu, wala usiguse swichi ya taa, si kuwasha si kuzima, kwa sababu cheche yake inatosha.

Umeme una hatari zake, nami nitataja moja. Soketi ya kawaida hubeba ampea 13, yaani takribani wati 3,000, na birika la umeme pamoja na pasi kwenye ekstensheni moja nyembamba huweza kuupita kiwango hicho. Waya ukiwa wa moto ukiugusa, chomoa. Umeme ukikatika usiku, mshumaa usiwekwe karibu na chandarua.

Moto ukizidi kikaango, tokeni wote, mfunge mlango nyuma yenu, na mpige 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa nyumba zetu za mlimani, atumwe mtu mzima barabarani kuwaelekeza. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, asali wala mawese, kisha apelekwe hospitali.