Jumatano Kwa Mama wa Takwimu

Miaka michache kabla ya korona nilikuwa nafundisha Sheria ya Mikataba katika chuo kikuu kimoja hapa Mwanza, na wanafunzi wangu hawakuisha kunisimulia habari za Mama wa Takwimu. Kwake, walisema, watu wanapiga kura darasani. Jengo lake na langu yalitazamana, lakini sikuwahi kuingia darasani kwake wala yeye kwangu. Walimu wa idara mbalimbali tulikutana kwenye bodi ya mitihani, tukabishana juu ya matokeo, tukaagana. Namna mtu alivyofundisha mpaka matokeo yakawa vile haikuwa kwenye ajenda.

Nikamfuata ofisini.

"Shikamoo Mama. Naomba nije nikae darasani kwako."

Akanitazama juu ya miwani. "Marahaba. Umetumwa na mkuu wa kitivo?"

"Hapana Mama, nimetumwa na wanafunzi."

"Haya, njoo Jumatano saa mbili. Kaa nyuma, na simu uzime."

Swali lake nililielewa. Kwetu mtu akija kukaa nyuma na daftari, ujue ni ukaguzi au kuna malalamiko. Anayekuja kujifunza tu hajazoeleka, na nadhani hapo ndipo mbinu nyingi nzuri zinapofia ndani ya idara zilikozaliwa.

Jumatano ukumbi ulijaa. Akawasalimu "Mwangaluka!", wakaitikia kwa kelele, akageukia ubao. Mitumbwi mitano imetoka usiku kuvua dagaa. Minne imeleta debe 10 kila mmoja, wa tano umeleta debe 60. Tajiri anawaambia vijana anaotaka kuwaajiri kwamba kwake mtumbwi huleta debe 20 kwa usiku. Je, wamwamini? Majibu yalikuwa manne, A mpaka D, na kila mwanafunzi alikuwa na vipande vya manila vyenye herufi hizo. Wakafikiri kimya, wakanyanyua. Ukumbi ukagawanyika vipande vipande.

Nilitegemea atoe jibu. Hakutoa. "Mtafute jirani mwenye herufi tofauti na yako, umshawishi."

Ukumbi ukalipuka. Swali liliandikwa kwa Kiingereza, lakini ubishi ulikwenda kwa Kiswahili, na nyuma yangu kwa Kisukuma. Kijana mmoja aliyekulia Ukerewe alikuwa amesimama kabisa: "Ukiingia ziwani unarudi na debe kumi! Hiyo sitini ni ya bahati ya mtu mmoja." Mwenzake akashikilia kwamba mia moja kwa tano ni ishirini, hesabu haidanganyi. Binti aliyekaa kati yao akawanyamazisha wote: wastani ni ishirini kweli, lakini mzipange namba halafu mtazame inayokaa katikati. Ni kumi. Walipopiga kura ya pili, karibu ukumbi mzima ulikuwa upande wa binti yule. Hapo tu ndipo Mama alipoanza kufundisha, na kila neno lake lilikuta mahali pa kukaa.

Baadaye, tukinywa chai kantini, akaniambia mbinu hiyo si yake. Ilianzishwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, Marekani, mwaka 1991, alipogundua kwamba wanafunzi wake wanakokotoa kwa kanuni vizuri huku maswali mepesi kuhusu nguvu na mwendo yakiwashinda. Kisha akasema jambo ambalo sijalisikia kwenye semina yoyote: "Kazi yote iko kwenye majibu yasiyo sahihi. Usiyatunge. Yachukue kwenye karatasi za mtihani wa mwaka jana."

Nikarudi kwangu na bunda la karatasi za mtihani. Swali lililotoka humo: mama wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, amechomeka bei kwenye gunia. Mteja anafika na kusema "Nachukua." Mama anakataa kuuza. Je, amevunja mkataba? Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilishalijibu suala la namna hiyo mwaka 1953 katika kesi ya Boots, kampuni ya maduka ya dawa: bidhaa iliyopangwa dukani ni kuwakaribisha watu waje na ofa, yaani pendekezo ambalo likikubaliwa huwa mkataba, bado si ofa yenyewe. Kila mwaka nilikuwa naisoma kesi hiyo darasani na watu wanaandika. Safari hii walibishana juu ya gunia mpaka kipindi kilichofuata kikatugongea mlango.

Mama alikuwepo, amekaa nyuma, simu ameizima. Aliondoka na jambo ambalo sikulitegemea. Sisi wa sheria humpa mwanafunzi upande asiouamini autetee, na yeye hakuwahi kufanya hivyo kwenye Takwimu. Wiki iliyofuata alimpa yule kijana wa Ukerewe kazi ya kumtetea tajiri. Mwisho wa muhula mwalimu wa Uhasibu akamwomba nafasi ya kukaa nyuma, akapangiwa Jumatano saa mbili.