Maji ya karafuu ya bibi

Bibi yangu, kule Wete, Pemba, halali bila kusukutua. Huchemsha karafuu kama kumi kwa kikombe cha maji, akayaacha yapoe, akatia chembe ya chumvi. Nami nafanya vivyo hivyo kila usiku baada ya kupiga mswaki. Ulimi hufa ganzi kidogo, kisha kinywa kinanukia kama jamvi la karafuu zilizoanikwa juani, harufu ninayoipenda mno. Ganzi ile ni kazi ya yujenoli, kemikali iliyomo kwenye mafuta ya karafuu. Maabarani imeonekana kuua Streptococcus mutans, bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi inayotoboa meno.

Lakini gego langu lilikuwa limeshatoboka, nami mwaka mzima nikalisukutulia tu. Likang'olewa. Tundu halizibwi na karafuu, jamani.